Mmasai wa getini, na utani usio na mtani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Morogoro, Mluguru, nina miaka 26. Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza vichekesho vifupi vya mtandaoni. Mhusika wetu anayependwa kuliko wote ni mlinzi Mmasai tunayemwita Ole Geti. Anaongea Kiswahili cha kuvunjikavunjika, anaogopa blenda, haelewi lifti, na akiulizwa swali gumu anashika rungu. Wiki iliyopita dada mmoja Mmasai aliandika kwenye komenti: "Baba yangu ni mlinzi Dar. Nimemwonyesha. Hakucheka." Watu wakamshambulia, eti hajui utani. Tangu siku hiyo sina raha. Kwetu utani ni mila, na sisi Waluguru tunataniwa kila siku. Kweli kichekesho cha dakika mbili kinaweza kuumiza kabila zima? Na je, nikifute?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, na katikati yake umeweka la tatu bila kulitia alama ya kuuliza: utani ni mila. Nitaanza na hilo, kwa sababu waliomshambulia yule dada walilitumia kama ngao, na wengi wao hawajawahi kuuona utani wenyewe ukifanya kazi.

Utani wa makabila si ruhusa ya kumcheka yeyote umtakaye. Ni mapatano ya watu wawili. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi walioshuka pwani na misafara, mizigo mabegani, walipishana na Wazaramo njiani na utani wao haujaisha mpaka sasa. Ukichimba chini ya utani mwingi utakuta vita, safari au ndoa: watu waliowahi kuumizana au waliotegemeana, wakakubaliana kwamba maneno makali yatapita kati yao bila kisasi. Na mapatano hayo yana masharti. Mtani anaweza kuja msibani kwako akazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote, akashuka kaburini na kusema chumba hiki changu. Lakini huyo huyo ndiye aliyeshika jembe kulichimba. Mngoni akimwuliza Mhehe mbwa siku hizi ni bei gani kwa kilo, Mhehe ana jibu lake mdomoni, na waliokaa karibu wanalisubiri kwa hamu kuliko swali.

Sasa weka klipu yako mbele ya masharti hayo. Kwa mila ninazozijua, Mluguru na Mmasai hawana utani wa asili. Tuseme tuupanue tu, nchi ni moja, sote watani. Sawa. Jibu lake liko wapi? Baba wa yule dada yuko getini, simu yake ni ya tochi tu... Hapo nimejishtukia, na sentensi hiyo naiacha ili uione. Nimejuaje simu yake ni ya aina gani? Nimefundisha mambo haya miaka mingi, na kidole changu kimeandika kile kile ulichokiandika wewe kwenye skripti.

Jibu la baba yule lilikuja kwa njia pekee iliyokuwapo, kupitia kwa binti yake, kwenye komenti. Alifanya jambo ambalo utani unalidai: alirudisha neno. Watazamaji wako wakamzomea. Utani ulikufia hapo kwenye komenti. Kilichobaki ni kicheko cha upande mmoja, na hicho mila haikitetei.

Wataalamu wa habari wana jina la picha moja inayobandikwa kundi zima: kwa Kiingereza, stereotype. Kwa Kiswahili wengi tunasema fikra mgando. Mwandishi wa habari Mmarekani, Walter Lippmann, ndiye aliyelitia neno hilo kwenye mjadala wa vyombo vya habari mwaka 1922, akaliazima kutoka matbaani. Zamani ukurasa uliokwisha kupangwa herufi ulichukuliwa chapa, chapa hiyo ikamiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ikatoka sahani moja nzima, na sahani hiyo ikachapa ukurasa ule ule mara elfu bila mtu kupanga herufi upya. Nakipenda chanzo hicho kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho mazungumzo ya ubaguzi hukisahau: sahani ilitengenezwa ili kuokoa muda. Wewe una dakika mbili. Unahitaji mtu aliye kwenye daladala amtambue mhusika wako kabla hajapitisha kidole. Shuka jekundu, rungu, katambuga, "yeyo" moja, kazi imekwisha. Sidhani una chuki na Wamasai. Una haraka. Wengi waliochora makabila kwenye skrini zetu hawakuwa na chuki pia, na hilo halikumpunguzia uchungu aliyechorwa.

Sahani yenyewe hukuichonga wewe. Ina zaidi ya miaka mia. Wapigapicha wa wakati wa ukoloni waliwasimamisha morani na mikuki yao, wakawapiga picha bila kuandika jina la mtu, wakauza kadi za posta zilizoandikwa kabila tu. Tulipojitawala tukaiona picha ile kama aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaanzishwa mkoani Arusha operesheni ya kuwavua Wamasai lubega na kuwavisha suruali, hoja ikiwa kwamba taifa linaloendelea haliwezi kuonekana hivyo mbele ya wageni. Kisha wageni wenyewe wakaja, watalii, na walichokitaka kukiona ni lubega. Kwa hiyo nguo iliyokuwa aibu ya taifa ikawa tangazo la taifa, na mwenye nguo hakuulizwa mara zote mbili. Mwaka 2012 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilileta mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka la Kimasai, na kukaibuka harakati za Wamasai kudai haki juu ya jina na sura yao kibiashara. Tena shuka lenyewe ni la kiwandani, lililoingia kwa biashara baada ya ngozi! Utamaduni huo "usiobadilika" umebadilika mbele ya macho yetu, ila picha imekataa.

Mlinzi alikuja baadaye. Kuanzia miaka ya 1990 vijana wengi wa Kimasai walishuka Dar es Salaam na Zanzibar kutafuta riziki, baada ya ukame, magonjwa ya mifugo na maeneo ya malisho kupungua. Wakapata kazi getini. Kwa nini getini? Kwa sababu ya sahani ile ile: waajiri waliamini Mmasai haogopi na haibi. Angalia jinsi jambo hili lilivyo na pande mbili. Fikra mgando ndiyo iliyompa kazi, kisha ikamfungia humo. Sifa nayo ni kamba. Ukimwambia mtu kila siku kwamba kabila lake ni la walinzi waaminifu, siku akija na cheti cha uhasibu unamwonyesha geti. Na kuna wenzao waliogeuza ujuzi mwingine kuwa ajira: wasusi. Morani husukana nywele tangu zamani, kwa hiyo mwanaume wa Kimasai anayemsuka mama wa mjini rasta anafanya kazi aliyoijua tangu ujanani. Kila mkazi wa Dar amewaona. Kwenye vichekesho wako wapi? Hawamo, maana mikono laini ya msusi inaivunja sahani, na sahani ikivunjika itabidi upange herufi upya.

Nikuulize pia: ukisikia "Mmasai mlinzi", Edward Sokoine anakujia akilini? Mwana wa Monduli, Waziri Mkuu mara mbili, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 katika mkoa wako wa Morogoro, mwaka mmoja baada ya kuongoza msako wa wahujumu uchumi. Alikuwa mlinzi kweli kweli, ila geti alilolilinda lilikuwa la nchi nzima.

Sasa kuhusu Morogoro, hapa nitakaa kidogo, maana klipu yako haikwenda kwa watazamaji wasiojua lolote. Imetoka katika mkoa wenye kidonda. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kwenye shambulio la wafugaji wa Kimasai, na tangu hapo habari za wakulima na wafugaji hazijawahi kutoka magazetini kwa muda mrefu. Sitaki kupunguza uzito wa vifo vile. Waliouawa walikuwa wanakijiji. Ninachotaka ukitazame ni sarufi ya vichwa vya habari vilivyofuata miaka yote hii. Chukua magazeti ya zamani uone mtindo: wafugaji wavamia mashamba, wafugaji wajeruhi. Kitenzi kina mtendaji, tena kundi zima. Zamu ya upande wa pili ikifika: ng'ombe wauawa, maboma yachomwa. Kauli ya kutendwa, mtendaji hayupo, kana kwamba boma lilijiwasha lenyewe. Mhariri aliyeandika hivyo pengine hakuwa na kabila la kulitetea. Alikuwa na nafasi ya maneno matano na simu ya ofisa wa wilaya, si namba ya mfugaji. Kule chini ya habari kulikuwa na mipaka ya vijiji, mapito ya mifugo yaliyozibwa na rushwa ya viongozi wanaokula pande zote mbili. Mambo hayo hayaingii kwenye maneno matano.

Kwa hiyo mtoto wa Mtwara au Bukoba ambaye hajawahi kukaa na Mmasai anapata Wamasai wawili tu. Wa kwenye habari ni katili. Wa kwenye kichekesho ni mjinga mwaminifu. Wanaonekana kupingana, lakini wanafanana kwa jambo moja: hakuna anayeongea kwa sauti yake akaeleza anataka nini.

Hapo ndipo swali lako la kwanza linapopata jibu. Klipu moja ya dakika mbili haiumizi kabila. Ningekudanganya nikisema inaumiza. George Gerbner, aliyeongoza utafiti wa runinga huko Pennsylvania kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, hakutafuta kipindi kimoja chenye sumu. Alitafuta kinachojirudia. Aliona kwamba watazamaji wa muda mrefu huelekea kuiona dunia kama runinga inavyoionyesha, kwa mfano kudhani uhalifu ni mwingi kuliko ulivyo. Athari yenyewe ni ndogo, kama tone la maji kwenye jiwe, lakini bomba halifungwi. Wewe ni tone. Swali halali ni je, unaongeza maji kwenye bomba lipi.

Na maji hayamwagikii wote sawa. Mwaka 2005 mtafiti Edward Schiappa na wenzake walionyesha kwamba kumjua mhusika wa kwenye skrini hufanya kazi kama kumjua mtu wa kweli, hasa kwa mtazamaji asiye na watu wa kundi hilo maishani mwake. Kijana wa Kilosa ana jirani Mmasai wa kumlinganisha na Ole Geti. Aliyeko mbali hana. Kwake Ole Geti ndiye jirani. Habari njema ni kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili: mhusika aliyeandikwa vizuri naye huingia kama jirani.

Najua utetezi unaofuata, kwa sababu wanafunzi wangu huuleta kila mwaka: mwalimu, sisi tunamkejeli bosi anayemdharau mlinzi, si mlinzi. Huenda. Lakini kuna mfano wa Marekani unaonitia baridi kila ninapousimulia. Mwaka 1971 televisheni ya CBS ilianza mchezo wa vichekesho, All in the Family, wenye baba mmoja mbaguzi, Archie Bunker, anayebwata juu ya Weusi, Wayahudi na wahamiaji. Waandishi walikusudia achekwe yeye. Watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach wakachunguza watazamaji wa Marekani na Kanada, wakatoa matokeo mwaka 1974: wasio na ubaguzi waliona mzee anaumbuliwa, wenye ubaguzi walimwona mzee anayesema ukweli, wakaona yeye ndiye mshindi. Mchezo ule ule, usiku ule ule, na sebule mbili zikacheka kila moja kwa sababu yake. Kwa hiyo nia yako haitoshi. Soma komenti zako uhesabu wanaonukuu ujinga wa bosi na wanaonukuu Kiswahili cha Ole Geti. Nadhani unajua tayari.

Watu wakifika hapa kwenye mjadala huu hukimbilia Rwanda, na mimi sipendi kukimbilia Rwanda. Klipu ya blenda si redio ya mauaji, na kuzifananisha ni kuwakosea waliokufa. Nitaligusa jambo moja tu. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994 na iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, haikuingia masikioni mwa watu kwa hotuba. Iliingia kwa muziki mzuri wa Kikongo, masihara, na watangazaji wanaoongea kama vijana wa kijiweni. Neno "inyenzi", mende, lilikuwapo tangu miaka ya 1960 kama jina la wapiganaji. Redio na gazeti la Kangura wakalitanua mpaka likamfunika jirani wa kawaida. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilipowahukumu waanzilishi wa redio ile na mhariri wa gazeti Desemba 2003, ilikuwa ikipima kazi ya maneno ambayo kwa masikio ya wengi yalianza kama mzaha. Hapo hatuko, tena mbali. Nimeitaja ili usiamini kwamba kicheko hakina uzito.

Turudi kwenye kazi yako, maana naona unaipenda na sitaki uiache. Tuna wa kuwatazama.

Kenya ilimpenda kwa miaka mingi Mzee Ojwang wa vichekesho vya runinga ya KBC. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kijaluo, na watu walivunjika mbavu. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyeigiza mkewe Mama Kayai, ni Mluhya. Kwa kanuni za leo mtu angesema funga kipindi. Mkikuyu anaiga lafudhi ya Mjaluo, katika nchi yenye historia tunayoijua? Lakini Ojwang alipokelewa hata Kisumu, na nimejiuliza sana kwa nini. Jibu langu, na unaweza kulikataa, ni kwamba lafudhi ilikuwa nguo yake tu, kichekesho chenyewe kilikuwa pengine. Ojwang alikuwa na nyumba, mke anayemzidi akili, madeni, ujanja unaomrudia mwenyewe, hasira, mapenzi. Alikuwa mwenye kipindi. Ukimvua lafudhi, hadithi inabaki imesimama. Jaribu kumvua Ole Geti lafudhi na rungu. Kinabaki nini? Kijana amesimama karibu na blenda.

Simsafishi Ojwang moja kwa moja. Lafudhi ilimzoesha mtazamaji kwamba Mjaluo akifungua mdomo ni wakati wa kucheka, na wapo Wajaluo waliochoshwa nalo. Ila kati ya mtu mwenye nyumba na mtu wa getini kuna umbali mkubwa, na umbali huo uko kwenye skripti kuliko kwenye koo la mwigizaji.

Mfano wa pili unatoka Rwanda hiyo hiyo. Kuanzia 2004 redio kule ilirusha mchezo uitwao Musekeweya, unaohusu vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana na kuumizana, na vijana wawili wanaopendana kutoka pande mbili. Makabila hayatajwi, kila msikilizaji anajua kinachosemwa. Mtafiti Betsy Levy Paluck aliwasikilizisha watu wa jamii mbalimbali mchezo huo kwa mwaka mzima, na wengine akawasikilizisha mchezo wa afya ili awalinganishe. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2009, yaliwashangaza wengi. Mchezo haukubadilisha sana walichoamini watu moyoni. Ulibadilisha walichodhani ni cha kawaida kwa wenzao: kwamba watu huoana nje ya kundi lao, kwamba mtu anaweza kupinga neno la mkubwa hadharani. Na jinsi walivyotendeana ilibadilika pia.

Kwako hilo lina maana kubwa kuliko nadharia zote nilizozitaja. Watu hujifunza kutoka kwenye vyombo vya habari ni kitu gani kinaruhusika mbele ya watu. Klipu yako ilisema jambo moja; komenti zilizomshukia yule dada zilisema kubwa zaidi: kwamba Mmasai akilalamika, ruksa kumzomea. Wewe mwenye ukurasa ukanyamaza. Naamini hicho ndicho kinachokunyima raha, siyo blenda.

Basi tuandike upya. Sikupi orodha ya miiko, maana vichekesho vya miiko havichekeshi mtu, na nimekaa kwenye warsha nyingi za namna hiyo nikila chapati na kupiga miayo. Nikupe tukio.

Usiku wa manane, geti. Bosi anarudi amelewa, kasahau funguo, anapiga honi mpaka mtaa unaamka. Ole Geti, ambaye tumpe jina la kweli, hafungui mara moja. Yuko kwenye simu na kaka yake aliyeko mnadani, wanagombana kuhusu bei ya madume matatu. Anamwonyesha bosi kidole: subiri. Anataja bei kwa Kimaa, kwa haraka na kwa umahiri, bila tafsiri. Hela inaingia kwenye simu, mlio unasikika. Anafungua geti. Bosi anayumba, anaanza kumfokea, kisha anasimama: "Ile elfu hamsini... mwisho wa mwezi nitakurudishia." Mlinzi anatoa daftari dogo mfukoni, anawasha tochi, anasoma deni lote tangu Januari pamoja na tarehe.

Kicheko kipo hapo, na rungu linaweza kubaki ukutani kama lilivyo getini kwa kweli. Mtu ana jina, ana kwao, ana jambo alilokuwa analitaka kabla bosi hajapiga honi. Hilo la mwisho ndilo ninalolipima kwanza kwenye kila skripti inayopita mezani kwangu, awe mlinzi, dada wa kazi, bodaboda au bibi wa kijijini: alikuwa anafanya nini kabla mwenye nyumba hajaingia? Kama hakuwa anafanya kitu, bado ni fenicha. Kuhusu Kimaa, usikibuni. Tafuta Mmasai akuandikie mistari hiyo, mlipe, na muweke jina lake mwishoni mwa klipu pamoja na majina yenu. Nakuhakikishia skripti itabadilika siku hiyo hiyo, kwa sababu atacheka mahali ambapo ninyi hamkutarajia, na atakaa kimya pale mlipokuwa mnategemea kicheko.

Mnaweza hata kumweka Mluguru kwenye klipu, mpangaji wa nyuma ambaye mlinzi anamtania. Wewe umesema mnataniwa kila siku. Basi mpe yeye zamu.

Sasa la kufuta. Mimi nisingefuta kimyakimya. Ukifuta, komenti ya yule dada inafutika pamoja na klipu, na waliomzomea hawatajua kwamba mwenye ukurasa amelisikia neno lake. Ibandike komenti yake juu kabisa. Chini yake andika wewe, kwa jina lako, kwa maneno machache: ameongea jambo la kweli, na anayemtukana hapa namwondoa. Kisha waondoe kweli. Utapoteza wafuasi kadhaa. Klipu mpya ikiwa tayari, ile ya zamani ishushe, na useme kwa nini.

Halafu mwandikie yule dada faraghani. Usiombe msamaha wa kurasa tatu, atachoka. Mwombe akuulizie jambo moja kwa baba yake: usiku, wakikaa na walinzi wa nyumba za jirani, chai ikichemka, huwa wanacheka nini? Nina hakika vichekesho vipo, tena vingi. Nina wasiwasi tu kwamba vingine vinatuhusu sisi tunaopiga honi.